Koili ya Umeme Bila Waya Inapopata Moto

Swali: Nimetengeneza koili mbili za kuhamisha umeme bila waya kwa masafa (idadi ya mitetemo ya mkondo kwa sekunde) ya kilohezi 100. Mbona zinapata moto ilhali nimetumia waya mnene wa shaba?

Jibu: Unene huo ndio unaokuhadaa. Katika masafa hayo mkondo hukimbilia ngozi ya waya, kina cha takriban milimita 0.2 tu, na mizunguko ya waya iliyobanana kwenye koili huzidisha upotevu, kwa kuwa uga wa sumaku wa mmoja husukumia mkondo wa jirani yake upande mmoja. Tumia waya uliosokotwa kwa nyuzi nyingi zenye kipenyo cha milimita 0.1, kila uzi ukiwa na vanishi yake ya kuhami. Unapounga ncha (hapa wengi hukosea), ondoa vanishi kwenye kila uzi, maana uzi usioshikwa na risasi ya kuungia haubebi mkondo.