Jibu: Kraftwerk walipiga kweli jukwaani?

Ndugu, umeuliza kama Kraftwerk, ile bendi ya Ujerumani ya muziki wa elektroniki, walipiga muziki kweli jukwaani au waliwasha mashine tu. Walipiga! Kwenye ziara ya 1981 walisafiri na studio yao nzima, Kling Klang, kutoka Düsseldorf. Mashine zilishika mdundo, wenyewe wakapiga vinanda na kuimba. Ukifika ule wimbo wa kikokotoo, “Pocket Calculator”, walisogea ukingoni na vyombo vidogo vya mkononi, wakawanyooshea mashabiki wabonyeze vitufe. Hapo ndipo ninapowapenda zaidi.

Na zile sura za kompyuta kwenye video yao ya 1986, “Musique Non Stop”, ni kazi ya Rebecca Allen, msanii wa picha za kompyuta, New York. Alianza na vichwa vya masanamu yaliyofanana na wanabendi, akaviingiza kwenye kompyuta. Itazame tena: mistari inayounda nyuso inaonekana waziwazi.