Kaka yangu alileta mke, mimi nikaleta mgeni

Swali lenu la wiki hii limeuliza: "Kama mwenzi wako alizaliwa nchi nyingine, mlipita wapi mpaka mkawa raia wa nchi moja?" Nimelisoma mara mbili dukani kwangu hapa Mikindani, Mtwara, nikampa na mume wangu alisome. Akacheka, akasema, "Waambie mimi nilipitishwa mlango wa uani." Hilo ndilo jibu fupi.

Mume wangu ni wa kabila la Wamwani, kutoka Palma, Msumbiji. Kwa sisi watu wa pwani ya kusini huko si ugenini. Unavuka Ruvuma pale Kilambo, unakuta Kiswahili kinasemwa, samaki wale wale, maulidi yale yale. Baba yake aliwahi kuishi upande huu, enzi hizo Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, wana kambi Nachingwea, akarudi kwao walipopata uhuru mwaka 1975. Bwanangu akazaliwa mwaka uliofuata. Alikuja Mikindani 2001, fundi seremala, akapanga chumba nyumbani kwa shangazi yangu. Mengine mtajaza wenyewe. 2003 tukafunga ndoa.

Sasa, kaka yangu naye alioa ng'ambo, binti wa Kimakonde kutoka Mueda. Ndoa mbili katika familia moja, wageni wawili kutoka mkoa mmoja wa Cabo Delgado. Mama akawa anatutania kwamba Msumbiji wametulipa deni la vita. Tulidhani na makaratasi yatakwenda pamoja, tutapanga foleni moja, nauli moja.

Hayakwenda. Wifi aliomba uraia kwa sababu ameolewa na Mtanzania, basi. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inamtaja mwanamke aliyeolewa na raia. Mwanamume aliyemwoa raia haimtaji kabisa. Yeye ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote: awe amekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hapo awe amekaa isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na aonekane atalifaa taifa. Kuwa mume wangu hakukuongeza hata siku moja kwenye hesabu hiyo. Nilimuuliza ofisa, kijana mpole tu, kama nimesoma vibaya. Akanijibu, "Hapana mama, umesoma vizuri."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ng'ambo hawabagui hivyo. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inamtambua mwanamume na mwanamke sawasawa, ndoa ikishafika miaka mitano. Kwa maneno mengine mimi ningeweza kuwa Mmsumbiji kabla mume wangu hajawa Mtanzania. Lakini Tanzania mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili, na mimi sikuwa na nia ya kuacha wa kwangu.

Basi tukaanza kuhesabu miaka.

Kuishi na mtu wa vibali vya ukaazi ni maisha ya peke yake. Wengine wanajua mwezi kwa mshahara au kwa ada za shule, sisi tuliujua kwa kibali. Kikikaribia kuisha, mume wangu anapunguza maneno. Hawezi kupokea kazi kubwa ya milango na madirisha maana hajui kama atakuwepo kuimaliza. Watoto wetu watatu walikuwa Watanzania tangu walipozaliwa, kwa hiyo nyumba nzima mgeni alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa akitutafutia unga. Pesa za vibali zilitoka kwenye mikorosho ya mama kule Nanguruwe. Wenzangu wa Mtwara wanaelewa: mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza 2007, ulikuwa unapeleka korosho ghalani leo, malipo ya kwanza yanakuja kwa wakati wake, ya pili kwa wakati wake, na yale ya mwisho, tuliyoyaita majaliwa, yalikuwa majaliwa kweli. Kuna mwaka kibali kiliisha malipo ya pili hayajaingia. Nikauza cherehani. Nimenunua nyingine baadaye, lakini haishoni kama ile.

Halafu kuna hasara tuliyojitakia. Mwaka 2005 alikwenda kumwona mama yake kwa mashua, njia ya baharini, na mkoba ukalowa. Pasipoti ilitoka kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Ndani yake kulikuwa na kibali cha kwanza na mihuri yote. Tulipokwenda kuuliza kama kumbukumbu zipo, tukaambiwa faili la zamani halionekani. Nani alilipoteza sijui, na sitaki kumtaja mtu. Ila miaka miwili ya mume wangu hapa Tanzania ikayeyuka majini, ikabidi tuhesabu upya kuanzia kibali kilichofuata. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na uko njiani: kila kibali kilichoisha, kila stakabadhi, kila ukurasa wenye mhuri, tunza. Miaka saba haihesabiwi kwa majirani kukukumbuka. Mimi nilihamishia kila kitu kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko wa kubana, na kopo likakaa juu ya kabati.

Tulipeleka maombi 2013, mwaka wa vurugu za bomba la gesi hapa Mtwara. Wakati mbaya kuliko wote, mji umejaa askari na kila mtu asiyejulikana anaulizwa ametoka wapi. Maombi huanzia chini: balozi wa nyumba kumi, mtaa, kata, wilaya, mkoa, ndipo yaende makao makuu ya Uhamiaji, mwisho kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Waziri akikataa halazimiki kusema sababu. Balozi wetu, mzee wa watu, alitia saini palepale kibarazani, kikombe cha kahawa mkononi. Mume wangu anapenda kusema kwamba katika safari yote hiyo, balozi pekee aliyewahi kumsaidia ni yule wa nyumba kumi.

Likaja tangazo. Anayeomba uraia hutakiwa kutangaza gazetini kwamba ameomba, na kwamba mwenye sababu ya kupinga aandike kwa wahusika. Tulilipia, likatoka, dogo kama kipande cha sabuni, jina lake kamili na mahali anapoishi. Kumbe pale kwenye kibanda cha kinyozi wamelisoma nusu. Wameona jina, wameona Uhamiaji, wameona "mwenye taarifa". Jioni shangazi akaja anahema: "Mwanangu, mumeo anatafutwa!" Wiki nzima wateja wa vitanda walipotea. Mmoja alituma mtoto kuchukua fedha yake ya awali. Nililazimika kulikata lile tangazo, nikalibandika kwenye karatasi ngumu na kulitundika dukani, na kila aliyekuja kununua sukari nikamsomea mpaka mwisho. Aliyeandika kupinga hakuna, angalau hatukuambiwa.

Kwenye usaili alikwenda na shemeji zake wawili, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kama anakwenda kuoa tena. Kiswahili hakikuwa na shida. Alimwambia msaili, kwa utani, kwamba meza aliyoegemea na bendera iliyo nyuma yake ni maneno ya Kireno, kwa hiyo wote wawili wamechanganya. Msaili akatabasamu. Kisha akamuuliza, "Tulipata uhuru lini?" Na huyu bwana, bila kufikiri, akajibu, "Tarehe 25 Juni 1975."

Anasema chumba kilinyamaza hata feni akaisikia. Akasahihisha haraka: tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika, na Muungano 26 Aprili 1964. Akamtaja Nyerere, akamtaja Kawawa, akaanza kutaja wilaya za mkoa wa Mtwara moja moja mpaka akaambiwa inatosha. Alirudi nyumbani hakula. Nilimwekea ming'oko, chakula anachokipenda kuliko vyote vya huku, ikapoa kwenye sahani.

Tulingoja miaka miwili. Jibu lilikuja 2015: amekubaliwa, ale kiapo cha utii na aukane uraia wa Msumbiji. Nilipiga kigelegele, nikidhani kazi imekwisha. Yeye aliishikilia ile karatasi ya pili, ya kuukana uraia, muda mrefu, akaniuliza kwa nini wametumia neno kukana. "Kukana ni baba anapomkataa mtoto," akasema. "Mimi hakuna nililomkosea mtu." Nikamwambia ni lugha ya sheria tu. Akatia saini mbele ya wakili, mwandiko mzuri, ule anaoutumia kuandikia vipimo kwenye mbao.

Mwaka uliofuata mama mkwe akafariki Palma. Tulikwenda wote wawili. Kati ya nchi zetu viza haihitajiki, ni muhuri na fomu, na fomu za upande ule zilikuwa kwa Kireno. Kulikuwa na Watanzania kama kumi nyuma yetu, wachuuzi wengi wao, wameshika fomu hawajui waanzie wapi. Mume wangu akawaketisha chini ya mti, akawajazia mmoja mmoja: jina, kuzaliwa, kazi, uraia, unakwenda kwa nani. Akaniandikia na mimi. Ya kwake aliifanya ya mwisho, haraka haraka, mazishi yanatusubiri.

Ofisa akaisoma, akaitazama pasipoti ya Tanzania, akaitazama fomu tena. Kwenye mstari wa uraia mume wangu alikuwa ameandika Mmsumbiji. Akaomba kalamu, akakata, akaandika Mtanzania pembeni. Ofisa akasema fomu iliyokatwa haipokelewi, akampa nyingine mpya. Ile iliyokatwa niliichukua mimi. Iko kwenye kopo la biskuti, pamoja na tangazo.

Mama wa watoto watatu, Mikindani