Maswali ya Wasomaji: Alama za Uhandisi wa Elektroniki Hutoka Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mbona alama niliyopewa hailingani na kazi niliyofanya? Tumechagua sita. Mgawanyo wa alama hutofautiana chuo na chuo, hivyo asilimia tunazotaja ni za mfano. Namna msahihishaji anavyofikiri, hata hivyo, hufanana sana.

Swali: Kwenye maabara tuliunganisha rezista mbili (vipande vinavyozuia mkondo wa umeme) za 1 MΩ, yaani megaomu moja, mfululizo kwenye volti 10, tukapima katikati kwa multimita ya dijitali. Hesabu inatoa volti 5, mita ikasoma 4.76. Mwenzangu aliandika 5 akapata 3 kati ya 10. Mimi niliandika 4.76 na kueleza kuwa tofauti ni "makosa ya kibinadamu", nikapata 6. Kipimo changu ni cha kweli. Alama nne zimekwenda wapi? *(Mwanafunzi, mwaka wa pili)*

Jibu: Zimekwenda kwenye maneno mawili, "makosa ya kibinadamu". Hukukosea chochote. Multimita nyingi za dijitali zina ukinzani wa ndani wa takriban 10 MΩ zikiwa kwenye volti. Ulipoweka ncha zake juu ya rezista ya chini, mita yenyewe iligeuka rezista ya tatu, sambamba na ile ya 1 MΩ. Sambamba ya 1 MΩ (yaani 1000 kΩ) na 10 MΩ ni 909 kΩ. Sasa gawanya upya: 10 × 909 ÷ (1000 + 909) = volti 4.76. Mita ilisoma sawasawa kabisa na saketi iliyokuwa mbele yake, saketi ambayo wewe hukuichora.

Aliyetunga zoezi hilo hakuchagua 1 MΩ kwa bahati. Kwa rezista za 1 kΩ usingeona tofauti hiyo, na somo lenyewe lingepotea. Alama nne zilikuwa zinasubiri mstari mmoja wa maelezo na hesabu yake.

Kuna jambo la pili ambalo msahihishaji makini angeliuliza. Rezista zenye ustahimilivu wa asilimia 5 (thamani halisi inaweza kupishana na iliyoandikwa kwa kiasi hicho) zinaweza peke yake kuisukuma voltiji ya katikati popote kati ya 4.75 na 5.25. Basi utajuaje kuwa ni mita na si rezista? Pima voltiji juu ya rezista ya juu, kisha juu ya ile ya chini, ujumlishe. Kama tatizo ni rezista tu, jumla itakuwa 10. Kama ni mita, jumla itapungua hadi karibu 9.52, kwa sababu kila mara unapoigusa rezista unaipunguza. Kipimo hicho ni cha nusu dakika, na ripoti yenye jedwali hilo huwa ngumu kuikata alama.

Kuhusu mwenzako: kuandika 5 pale mita iliposoma 4.76 ni kughushi data. Kwenye vyuo vingi jambo hilo halimaliziki kwenye alama. Linaweza kupelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Mweleze mapema.

Swali: Mtihani ulitupa transista (ina miguu mitatu: beisi, emita na kolekta) yenye chanzo cha volti 12, rezista za beisi 47 kΩ juu na 10 kΩ chini, ya emita 1 kΩ, ya kolekta 3.3 kΩ. Niligeuza rezista za beisi. Majibu yangu yote yalikuwa mabaya lakini nimepewa 6 kati ya 10. Sielewi kwa nini si sifuri, wala kwa nini si 8. *(Mwanafunzi, mwaka wa kwanza)*

Jibu: Tuigawe kama inavyogawanywa mara nyingi: alama 2 kwa voltiji ya beisi, 2 kwa ya emita, 2 kwa mkondo, 2 kwa voltiji ya kolekta, na 2 kwa kuthibitisha transista iko eneo gani la kazi.

Njia sahihi: beisi ni 12 × 10 ÷ 57 = volti 2.11. Toa 0.7 inayopotea kati ya beisi na emita, emita inabaki 1.41. Mkondo ni 1.41 ÷ 1 kΩ = 1.41 mA. Kolekta ni 12 ukitoa 1.41 × 3.3, yaani takriban 7.4. Kolekta iko juu ya beisi, kwa hiyo transista iko kwenye eneo tendaji, yaani inaweza kukuza ishara.

Wewe ulipata beisi 9.89, emita 9.19, mkondo 9.19 mA, na kolekta volti hasi 18.3. Alama 2 za beisi zilipotea. Hatua tatu zilizofuata ulizifanya kwa kanuni sahihi ukitumia namba uliyonayo, na msahihishaji alilibeba kosa lako mbele bila kukuadhibu mara ya pili: hizo ndizo 6. Zile 2 za mwisho hazikubebeka. Saketi yenye chanzo kimoja cha volti 12 na graundi (nukta ya volti sifuri) haiwezi kutoa hasi 18 kwenye kolekta. Namba hiyo ilikuwa inakupigia kelele, nawe ukaipigia mstari kama jibu.

Ukikutana na namba kama hiyo na muda umekwisha, andika: "Voltiji ya kolekta haiwezi kuwa chini ya sifuri hapa, kuna kosa kwenye beisi." Wasahihishaji wengi hutoa alama moja kwa sentensi hiyo, kwa sababu mhandisi anayeona jibu lisilowezekana ni salama kuliko asiyeliona. Kubeba kosa mbele kuna mpaka pia: kosa lako likilifanya swali kuwa jepesi, mathalani likafuta hatua nzima ya hesabu, alama za hatua hiyo hazipo tena za kutolewa. Na aliyeandika jibu la mwisho tu, bila hatua, hana cha kubebewa.

Swali: Mwanangu alipata 82 kwenye maabara, 90 kwenye kazi za nyumbani, 48 kwenye jaribio la katikati ya muhula na 55 kwenye mtihani. Nikipiga wastani napata karibu 69, chuo kimeandika 62.5. Wamekosea kujumlisha? *(Mzazi)*

Jibu: Hawakukosea, mzazi. Kila sehemu ina uzito wake. Maabara ikiwa asilimia 20, kazi za nyumbani 10, jaribio 20 na mtihani 50, hesabu ni 16.4 + 9 + 9.6 + 27.5 = 62.5. Ile 90 iliyokufurahisha imebeba alama 9 tu. Kabla ya mtihani alikuwa ameshakusanya 35, na kwa kufika 70 alihitaji 70 kwenye mtihani. Mwambie aipige hesabu hiyo kila muhula kabla ya mtihani. Mwambie pia asome kama kozi ina kiwango cha chini cha mtihani peke yake: palipo na sharti la 40, kwa mfano, mwenye 38 anaweza kuanguka kozi hata kama jumla yake inavuka.

Swali: Kundi letu la watatu limepewa 72 kwa mradi. Mmoja wetu alionekana maabara mara mbili tu muhula mzima. Kwa nini elektroniki ipimwe kwa makundi hata kidogo? *(Mwanafunzi, mwaka wa tatu)*

Jibu: Kwa sababu shahada inapimwa na watu wa nje pia. Chini ya Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao kwa huo vyombo vya kuidhinisha shahada za uhandisi vya nchi mbalimbali hutambuliana, kufanya kazi katika timu na kuwasiliana vimo kwenye sifa anazotarajiwa kuwa nazo mhitimu. Chuo kinapaswa kuonyesha kuwa kimevipima.

Malalamiko yako yana haki, na dawa yake ipo. Kozi nyingi huwataka wanakundi wapimane kwa siri, kisha alama ya kundi huzidishwa kwa uwiano wa alama ya mtu na wastani wa kundi. Tuseme mmepimana 4.4, 4.0 na 3.0, wastani ni 3.8. Mwenye 4.0 anapata 72 × 4.0 ÷ 3.8 = 75.8. Mwenye 3.0 anashuka hadi 56.8. Mwenye 4.4 angefika 83.4, ila mara nyingi uwiano huo huwekewa kikomo, tuseme 1.1, naye anaishia 79.2. Kozi yenu ikiwa haina utaratibu huo, uombeni mwanzoni mwa mradi. Ukiombwa baada ya matokeo huonekana kama kulipiza kisasi.

Swali: Siku ya kuonyesha mradi saketi yetu iligoma. Kwenye meza ya nyumbani ilifanya kazi. Tumepoteza kila kitu? *(Mwanafunzi, mwaka wa nne)*

Jibu: Hapana. Kwenye jedwali la kawaida la alama, saketi kufanya kazi mbele ya jopo ni sehemu moja tu. Usanifu, hesabu, mchoro, vipimo, ripoti na maswali ya ana kwa ana vina alama zake. Kinachoamua ni ushahidi mliokuwa nao siku hiyo. Picha ya skrini ya osiloskopu (kifaa kinachochora voltiji kadiri muda unavyokwenda) inayoonyesha wimbi, skeli ya volti, skeli ya muda na tarehe ina thamani. Maneno "jana ilikuwa inafanya kazi" hayana.

Wanajopo pia huangalia mnavyotafuta hitilafu mbele yao. Anayeanza kupima chanzo cha umeme, kisha graundi, kisha saa ya chipu (mapigo yanayoiendesha), anaokota alama hata akishindwa. Anayechomoa nyaya na kuzirudisha hovyo anazipoteza.

Hitilafu za siku hiyo ni zilezile kila mwaka. Bredibodi (ubao wa kuchomekea vipande vya saketi) ndefu nyingi zina reli za umeme zilizokatika katikati, hivyo nusu ya pili haina volti mpaka uunganishe kwa waya. Mota na maikrokontrola (chipu inayoendesha programu) vina vyanzo viwili lakini graundi hazijaunganishwa. Mota inapoanza inavuta mkondo mkubwa, voltiji inazama, maikrokontrola inajianzisha upya. Hapo mnahitaji kapasita (kipande kinachohifadhi chaji) kubwa karibu na chanzo, na ya 100 nF kwenye pini za umeme za kila chipu. Pini ya kuingizia ya chipu ya CMOS (aina ya chipu ambayo pini zake karibu hazivuti mkondo) imeachwa hewani, nayo inasoma moja au sifuri kwa kadiri mkono unavyopita karibu. Na probu ya osiloskopu iko kwenye 10X (inagawanya voltiji kwa kumi) huku chaneli ikiwekwa 1X: volti 5 zinasomeka 0.5, kundi zima linaanza kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Swali: Ninasaidia kusahihisha ripoti 60. Nikizirudia siku ya pili, alama zangu hazifanani na za siku ya kwanza. Nifanyeje? *(Mkufunzi msaidizi)*

Jibu: Usisahihishe ripoti nzima moja baada ya nyingine. Sahihisha grafu za ripoti zote 60, kisha maelezo ya tofauti ya zote 60, kwa kila sehemu ukiwa na alama ulizoandika kwa maneno. Kwa grafu ya kichujio cha RC (rezista na kapasita zinazochuja masafa), kwa mfano: alama 1 kwa mhimili wa masafa wenye skeli ya logi, 1 kwa vizio kwenye mihimili yote, 1 kwa kuonyesha nukta ya hasi 3 dB (pale ishara inaposhuka hadi karibu asilimia 70), 1 kwa vipimo vya kutosha karibu na nukta hiyo. Rezista ya 1.6 kΩ na kapasita ya 100 nF huiweka nukta hiyo kwenye takriban 995 Hz. Lakini kapasita ya asilimia 10 na rezista ya asilimia 5 huruhusu popote kati ya 860 na 1,160, kwa hiyo usimkate aliyepima 1,080 na kutaja ustahimilivu. Funika majina. Ukimaliza, chukua tano za mwanzo uzisahihishe tena bila kutazama alama ulizotoa. Zikihama kwa zaidi ya alama moja, maelezo ya jedwali lako bado ni mapana mno. Yaandike upya kabla ya kurudisha hata ripoti moja.