Yai la kukaanga na kitunguu

Swali lenu la wiki hii, "Ni mlo gani ambao hutausahau maishani?", limenikuta na jibu tayari. Si karamu ya harusi wala chakula cha hotelini. Ni yai la kukaanga na kitunguu nililokula peke yangu, nimesimama jikoni, kwa sababu ndicho chakula cha kwanza nilichokisikia ladha baada ya mafua makali kuninyang'anya uwezo wa kunusa kwa miezi.

Aliyewahi kuzibwa pua siku mbili tatu hudhani anaijua hali hiyo. Mimi pua ilikuwa wazi, napumua vizuri kabisa, ila chakula kilikuwa kimekufa. Ulimi wenyewe unatambua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya supu iliyochemka sana, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliibainisha mwaka 1908 na kuipa jina la umami. Sehemu kubwa ya yale mengine tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo tunapotafuna. Bila harufu hiyo, chungwa ni maji yenye utamu na uchachu, na kahawa ni maji ya moto machungu. Nilikuwa nakula kwa kuangalia saa.

Kilichoniuma zaidi ni kumbukumbu. Mimi watu wangu nawakumbuka kwa vyakula vyao: bibi kwa mkate wake, hasa ule upande wa chini uliokaribia kuungua, shangazi kwa limau alilolikamulia samaki dakika ya mwisho, kamwe si mapema. Nikisikia harufu, wanakuja wenyewe bila kuitwa. Hilo lina sababu yake ubongoni. Njia ya harufu ni fupi, inafika karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Kwa hiyo pua ilipoondoka, na wao waliondoka. Niliweza kukueleza bibi alivyokanda unga, lakini sikuweza kumpata.

Daktari alinipa mazoezi ambayo Thomas Hummel na wenzake wa Ujerumani waliyachapisha mwaka 2009: kunusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Unanusa taratibu huku ukijikumbusha kwa makusudi karafuu inanukiaje. Mwanzoni ni sawa na kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Karafuu ndiyo iliyoitikia kwanza, kwa mbali sana.

Kisha siku hiyo nikakata kitunguu kwa mazoea tu, nikakitia kwenye siagi. Kingo zilipoanza kuwa za dhahabu, nikausikia utamu wake, halafu ule ukali wa kuungua kidogo, na chini yake siagi yenyewe. Nikavunjia yai juu. Sikutafuta hata sahani, nililila motoni kwa kijiko, chumvi ikiwa imezidi, huku nalia waziwazi. Hakuna mpishi aliyewahi kunilisha vizuri kuliko hivyo.

Sasa nikienda kula nje nachagua meza iliyo karibu na jiko, na aliyejipulizia manukato mazito namwomba tubadilishane viti.

Wenye ndugu au rafiki aliyepoteza harufu, nawasihi msimwambie "jikaze, ule tu". Mpikieni kwa kufuata kile kilichobaki. Pilipili atausikia mwasho wake, kwa kuwa mwasho huo hausafiri kwa njia ya harufu, na mnanaa utampa ubaridi wake vilevile. Mtilieni kitu cha kutafunika, karanga au mboga mbichi, na limau la kutosha. Vyakula laini vya rangi moja, hasa uji na viazi vya kuponda, ndivyo vilivyonikatisha tamaa kuliko vyote.