Maswali Yenu: Na watoto wachanga kwenye joto la Dubai

SWALI: Mume wangu yuko kazini Dubai, nasi tunamfuata Julai. Watoto wana miezi 4 na miaka 3. Nijiandae vipi? – Mama wa watoto wawili, Jinja

JIBU: Dada, kama tarehe inaweza kusogezwa, nendeni Novemba. Julai joto hupita nyuzi 40, na usiku halipoi kama hapa kwetu.

Anza na karatasi. Vyeti vya kuzaliwa vya NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda) na cheti cha ndoa vithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje Kampala, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu. Ukiruka hatua hiyo, viza ya familia hukwama.

Nyumbani, jihadhari na bomba. Matangi ya juu ya paa hupata moto, hivyo maji "baridi" yanaweza kumuunguza mtoto. Zima hita ya maji iliyo ndani; maji yaliyotulia humo hupoa, na hayo, yanayotoka bomba la maji moto, ndiyo ya kumwogeshea. Pima kwa kiwiko kwanza.

Wa miezi 4 asipewe maji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa 6, mpeleke kwa daktari. Mkubwa acheze nje alfajiri tu. Na kwenye gari, gusa vifungo vya kiti chake kabla ya kumfunga: chuma huunguza.