Maabara ya ghorofani na magongo yako

Pole, dada. Unafundisha kemia na unatembea kwa magongo, maabara iko ghorofani, na mwalimu mkuu anataka uache kufundisha somo hilo. Usikubali haraka. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 hapa Uganda inakataza ubaguzi kazini. Mwandikie mwalimu mkuu barua, ubaki na nakala, utaje mahitaji yako waziwazi: vipindi vya vitendo vihamie chumba cha chini, upate meza ya kufanyia majaribio ukiwa umeketi, na msaidizi wa maabara abebe asidi. Hilo la asidi lisisitize sana, maana chupa ikidondoka ngazini mtaumia wewe na wanafunzi. Akikataa, mwone afisa elimu wa wilaya, kisha Tume ya Fursa Sawa, chombo cha serikali kinachopokea malalamiko ya ubaguzi, Kampala.