Jibu: Kugonga milango vijijini Maine, siku nzima nyumba chache

Habari za huko, ndugu. Umesema mgombea wenu wa Kongresi, wilaya ya pili ya jimbo la Maine, Marekani, ana watu wa kujitolea wanaozunguka kutwa kuomba kura na kurudi na nyumba chache tu, petroli imekwisha.

Kagua orodha ya wapiga kura kwanza: imepangwa kwa barabara au kwa majina? Sisi tuliipanga kwa barabara na kuichapa karatasini, maana mtandao hukatika porini. Nyumba za mbali ziachieni simu na barua. Na jamani, msitie vipeperushi kwenye masanduku ya barua ya kando ya njia. Bila stempu ni kosa kwa sheria ya shirikisho. Chomekeni mlangoni.

Jumamosi mpelekeni mgombea kwenye dampo la mji, mkishaomba ruhusa. Sitanii: wengi hupeleka taka wenyewe, na hapo husimama kuongea. Huko mpiga kura hupanga wagombea kwa namba, chaguo la kwanza, la pili na kuendelea; asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho huondolewa na kura zake huhamia chaguo linalofuata. Kwa hiyo akiwepo mgombea wa tatu, ombeni hata chaguo la pili. Mwaka 2018 Jared Golden, mgombea wa wilaya hiyohiyo, alikuwa nyuma raundi ya kwanza, akashinda machaguo yaliyofuata yalipohesabiwa.

Wenzetu wa mji wa Lewiston wasio raia wa Marekani: kujitolea bila malipo ruksa, kupiga kura hapana.